Mshale Haukushuka: Njia Tatu za Kukokotoa Kisahani cha Mvuke

Hotuba niliyoitoa Malindi mbele ya mafundi wa boila, wanafunzi wa ufundi na wasimamizi wa mitambo ya hoteli na viwanda vidogo. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema.

Assalaam aleikum. Na kwa wote, hamjambo.

Mwenyekiti, wazee wangu, ndugu zangu mafundi, na nyinyi vijana mliokuja na madaftari, asanteni kwa kuniachia jioni yenu. Wengine naona mmetoka kazini moja kwa moja, ovaroli bado zina grisi. Basi sitazunguka.

Hiki nilichoshika ni kisahani cha kupasuka. Nitakipitisha, mpeni mzee aliyeketi mbele aanze. Kishikeni kwa uangalifu, kingo zake zinakata. Ni bati jembamba la nikeli. Lilikuwa na tumbo kama mgongo wa kijiko, na sasa limefunguka vipande vinne kama ganda la chungwa. Ubavuni pana kibati kilichochongwa maandishi: presha ya kupasukia, joto la kupasukia, na alama ya upande ambao mvuke unapaswa kutokea. Kazi yake ni moja, kuutoa mvuke presha ikizidi. Valvu ya usalama, ile sefti tuliyoizoea, hufunguka, hupumua, kisha hujifunga. Kisahani hiki hufunguka mara moja tu, na kikishafunguka hakina kurudi.

Nimekihifadhi miaka mingi kwa sababu ni changu. Mimi ndiye niliyekikokotolea saizi, na nilikosea.

Nilikuwa fundi kijana katika kiwanda kimoja cha kusindika matunda hapa pwani. Boila ilifanya kazi kwa presha ya baa 10. Mvuke wake ulipita kwenye valvu ya kupunguza presha, ukaingia tangi lililofanya kazi kwa baa 4.5, na ambalo kibati chake kilisema lisizidi baa 7. Nikaambiwa: weka kisahani juu ya tangi, ile valvu ikikwama wazi, mvuke upate pa kutokea. Nikakaa na kalamu, nikapata inchi moja. Kisahani kikaagizwa, nikakifunga mwenyewe kati ya flenji mbili.

Siku chache baadaye msimamizi akasema mvuke usimwagike ndani, maana chini ya tangi walikaa akina mama wanaomenya maembe. Alikuwa na haki kabisa. Nikaunga bomba la inchi moja, mita 10, elbo mbili, yaani viungio vya kona, likatoka juu ya paa. Kazi safi, nikaipaka na rangi. Hesabu sikuirudia.

Ile valvu ya kupunguza presha ilikwama kweli. Mshale wa geji, kile kipimo cha presha, ukapanda kutoka 4.5, ukafika 7, kisahani kikalia mlio kama mzinga. Juu ya paa mvuke ukatoka kwa kishindo. Sote tukashusha pumzi tukidhani mambo yamekwisha. Mimi nilikuwa nimesimama mbele ya geji, na nakumbuka hadi leo nilivyoutazama ule mshale. Haukushuka. Ukasogea 7.2. Ukasogea 7.5. Kisahani kimeshapasuka, mlango uko wazi, na presha inaendelea kupanda. Ulikuwa umefika 8 na kupita kidogo pale mwendesha boila, mtu mwenye moyo wa simba, alipojifunga kitambaa mkononi akaufunga mkono wa valvu kuu. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi. Lakini tangi lililoandikwa 7 lilibeba 8, na chini yake walikuwa wamekaa watu.

Fundi wangu mkuu, mzee wa Mambrui, hakunigombeza. Aliangalia bomba langu lilivyopinda kuelekea paani, akaniambia, "Mwanangu, umepima mlango. Uchochoro hukuupima."

Hayo ndiyo niliyokuja kuyasema leo. Zipo njia tatu za kukokotoa kisahani cha mvuke, na anayekuchagulia njia ni bomba, si kitabu cha muuzaji. Sasa tuzifungue.

Kabla ya njia yoyote kuna swali moja ambalo nasikitika kuona linarukwa: mvuke kiasi gani utakuja? Watu hutazama ukubwa wa tangi. Ukubwa wa tangi hausemi kitu. Mvuke unatoka mahali fulani, kupitia tundu fulani, na tundu hilo ndilo la kuulizwa. Kwangu lilikuwa ile valvu ya kupunguza presha: ikibaki wazi kabisa, baa 10 upande wa nyuma, inapitisha kilo ngapi kwa saa? Jibu lilikuwa kilo 1,000. Hilo nililipata sawasawa. Ukikosea hapa, kila kinachofuata ni kosa lililoandikwa kwa mwandiko mzuri.

Njia ya kwanza ndiyo fupi. Inakichukulia kisahani kama tundu lenye kingo kali. Mvuke unapopita kwenye tundu la namna hiyo haulijazi lote, hujibana katikati, kama maji yanayotoka kwenye shimo la ndoo. Kwa hiyo vitabu vya ASME, yaani jumuiya ya wahandisi mitambo wa Marekani, vinatoa kigezo cha mtoko cha 0.62: hesabu tundu lako lote, kisha kubali asilimia 62 tu ya mtiririko kamili. Kanuni yenyewe kwa mvuke uliokolea maji, ule usiopashwa zaidi, ni hii: kilo kwa saa ni sawa na 5.25 mara eneo la tundu kwa milimita za mraba, mara presha kwa megapaskali, ambayo moja ni baa 10, mara 0.62.

Ile 5.25 ina ukoo. Katika karne ya 19 mhandisi Napier alitoa kanuni iliyokaa katika kichwa cha kila fundi wa meli: chukua presha kwa paundi kwa inchi ya mraba, zidisha kwa eneo la tundu kwa inchi za mraba, gawanya kwa 70, unapata paundi za mvuke kwa sekunde moja. Badilisha sekunde kuwa saa, 3,600 gawanya kwa 70, unapata 51.4. Fungueni vitabu vya leo vya vipimo vya Kiingereza mtaona 51.5. Na ukiigeuza 51.5 kuwa kilo, milimita na megapaskali, inakuwa 5.25. Hesabu tunayotumia hapa Malindi iliwahi kufanywa kwenye vyumba vya injini vya meli za makaa.

Presha inayoingia humo si ile ya geji. Vijana, andikeni hili. Geji husoma sifuri wakati tayari hewa inatukandamiza. Tangi langu linaruhusu baa 7; chombo kimoja cha kutolea presha kinaruhusiwa kuiacha ipande asilimia 10, yaani hadi 7.7, kisha ongeza hewa ya nje, baa 1.013, unapata 8.71, yaani megapaskali 0.871. Sisi tuko usawa wa bahari, hewa tunayo yote. Fundi mwenzetu wa Nairobi ataongeza kama 0.83 hivi, kwa sababu yuko juu mlimani.

Basi: 1,000 gawanya kwa 5.25, gawanya kwa 0.871, gawanya kwa 0.62. Inakuja milimita za mraba 353 hivi, tundu la kipenyo cha milimita 21. Bomba la kawaida la inchi moja lina uwazi wa milimita 26.6. Kwa njia hii kisahani cha inchi moja kinapitisha karibu kilo 1,580 kwa saa, na mimi nilihitaji 1,000. Mnaona kwa nini nililala usingizi mzuri.

Lakini njia hii inatolewa kwa masharti, na masharti yenyewe yamo katika kanuni, hayamo katika maandishi madogo ya chini. Kisahani kimwage moja kwa moja hewani. Kiwe ndani ya vipenyo nane vya bomba kutoka mdomo wa tangi. Bomba la kutolea lisizidi vipenyo vitano. Na bomba la kuingilia na la kutolea lisiwe jembamba kuliko kisahani. Kwa inchi moja, vipenyo nane ni kama sentimita 20, pungufu kidogo ya shubiri yangu. Vipenyo vitano ni sentimita 12 au 13, upana wa kiganja na kidole gumba. Nyoosheni mikono mwone. Hicho ndicho kipande cha bomba ambacho 0.62 inakijua. Mimi niliunga mita 10.

Sasa tuingie uchochoroni, na hapa nitakaa.

Waliofika Lamu wanajua vichochoro vya mji ule, ambako punda wawili wenye mizigo hupishana kwa taabu. Chukueni watu wanatoka msikitini baada ya Ijumaa. Mlango ni mpana, watu wanamiminika. Lakini mlango unafungukia kichochoro kirefu chenye kona mbili. Baada ya muda mfupi aliyesimama mlangoni hatembei, si kwa sababu mlango ni mdogo, ila kwa sababu aliye kwenye kona ya pili hajasogea. Mvuke una balaa zaidi ya hilo: unavyotembea unanenepa. Kilo moja ya mvuke kwenye tangi langu, kwenye ile 8.71, ilichukua nafasi ya lita 220 hivi. Kilo hiyohiyo ikifika mdomoni mwa bomba kwenye hewa ya kawaida inataka karibu lita 1,670. Mara saba na nusu. Chukua watu wa Ijumaa, kila hatua wanayopiga wanavimba, hadi wakifika kona ya pili kila mmoja ni watu saba. Ndiyo maana mvuke mwishoni mwa bomba hukimbia hadi kasi ya sauti, na ukishafika hapo, hata uongeze nini nyuma, mdomo hautoi kwa kasi zaidi.

Njia ya pili, ya ukinzani wa mtiririko, inahesabu uchochoro wote. Kila kitu kinachomsumbua mvuke kinapewa namba moja ya aina ileile, kisha namba zinajumlishwa. Nitawapa za bomba langu kama nilivyozikokotoa upya na yule mzee, tumekaa juu ya kreti za maembe. Kuingia kutoka tangini, 0.5. Kisahani chenyewe, 2.4, hii ndiyo namba ambayo API 520, mwongozo wa taasisi ya mafuta ya Marekani, inaruhusu uitumie kama kisahani chako hakina namba iliyopimwa maabara. Msuguano wa mita 10 za bomba la inchi moja, 8.65. Elbo mbili, 1.4 hivi. Kutoka hewani, 1. Jumla 13.9.

Tuliipitisha jumla hiyo kwenye kanuni ya mtiririko wa gesi inayotanuka, tukazingatia ile kasi ya sauti, tukapata karibu kilo 960 kwa saa. Na hapo bado. Kanuni inasema matokeo ya njia hii uyazidishe kwa 0.90, kwa sababu msuguano halisi wa bomba lililoota kutu ndani hakuna anayeujua. Tukabaki na kilo 866.

Kisahani kilekile, inchi ileile: 1,580 kwa njia ya kwanza, 866 kwa njia ya pili. Mvuke unaokuja ni 1,000. Hata ukisahau ile 0.90, bomba lilikuwa linatoa pungufu ya kinachoingia, na presha haikuwa na jinsi ila kuendelea kupanda. Mshale ulisema kweli.

Kuna jambo ndani ya namba hizo ambalo lilinishangaza kuliko yote, na naomba walio na mamlaka ya kununua vifaa walisikilize. Baada ya ajali, rai ya kwanza iliyotolewa ilikuwa kununua kisahani bora, cha bei, chenye ukinzani mdogo uliopimwa. Visahani hivyo vipo, na baadhi vina ukinzani chini ya 1. Tukajaribu kwa kalamu: badala ya 2.4 tukaweka 0.6. Jumla ikashuka hadi 12.1. Mtiririko, baada ya 0.90, ukawa kilo 914. Bado haitoshi! Fedha zote hizo, na tangi lingebaki palepale. Katika ile 13.9, kisahani kilikula 2.4 tu. Mlaji mkubwa alikuwa zile mita 10 za bomba jembamba, na bomba hilo lilikuwa la bei rahisi kuliko kitu chochote kwenye mtambo ule.

Tukageuza upande wa pili. Bomba fupi, mita 3, elbo moja, kisahani kilekile cha bei ndogo: karibu kilo 1,120. Inatosha. Au acha mita 10 na elbo mbili, lakini kila kitu kiwe inchi moja na nusu, kisahani na bomba: karibu kilo 2,300. Nusu inchi tu ya nyongeza, na uwezo unazidi mara mbili na nusu, kwa sababu eneo linapanuka na msuguano unapungua kwa pamoja. Ipo na njia ya kati, kisahani kibaki inchi moja na bomba la kutolea lipanuliwe baada yake. Hiyo nayo hufaa, ila hesabu yake ifanywe kipande kwa kipande, maana mvuke unaweza kubanwa mara mbili, kwenye kisahani na tena mdomoni. Msiijumlishe kwa haraka.

Sisi tulichagua inchi moja na nusu. Akina mama walibaki kwenye kivuli chao.

Sasa mtu ataniuliza, mbona tusitumie njia ya pili siku zote, tuiache ile ya kwanza? Mimi siungi mkono. Kisahani kinachokaa juu ya mdomo wa tangi na kumwaga palepale hewani kinatendewa haki na 0.62, hesabu yake ni ya dakika moja, na fundi anaweza kuikagua mwenyewe bila kompyuta. Hesabu ambayo wengi wanaweza kuikagua ni hesabu salama. Ninachopinga ni kuitumia mahali ambapo masharti yake yamevunjwa. Na mara nyingi hayavunjwi siku ya kuchora. Yanavunjwa miezi baadaye, na mtu mwenye nia njema anayeongeza elbo moja ili mvuke usipige ukuta wa jirani.

Njia ya tatu nitaipita upesi, maana kwenye mvuke safi hamtaihitaji sana. Ni pale kisahani kinapowekwa chini ya sefti, kimlinde mwenzake asiguswe na uchafu au utamu unaoganda. Hapo unakokotoa sefti kama kawaida, kisha uwezo wake unauzidisha kwa 0.90, isipokuwa kama watengenezaji wamewapima wote wawili pamoja na kutoa namba yao. Kisahani kisiwe kidogo kuliko mdomo wa sefti, na kiwe cha aina isiyorusha vipande, la sivyo vipande vyake ndivyo vitakavyokwama kwenye kiti cha sefti.

Lakini kuna kitu kimoja katika mpangilio huo ambacho nisingependa kulala bila kukisema. Kisahani hakijui presha ya tangi. Kinajua tofauti kati ya chini yake na juu yake. Kikipata tundu dogo kama la sindano, mvuke utavuja polepole ukajaza ile nafasi kati yake na sefti. Nafasi ikifika baa 3, kisahani cha baa 7 hakitapasuka hadi tangi lifike 10. Hivyo hivyo, kinakaa kimya, kinaonekana kizima. Ndiyo sababu lazima pawe na geji au tundu la kupumulia kati ya viwili hivyo, na mtu wa kuitazama kila zamu. Nimeona geji za namna hiyo zimezibwa kwa plagi kwa sababu zilikuwa zinadondosha maji. Mwenye kuona maji hayo alipaswa kushukuru, ndiyo yaliyokuwa yanamwambia kisahani kimetoboka.

Mniruhusu nirudi nyuma kidogo katika historia. Tarehe 20 Machi 1905, boila ya kiwanda cha viatu huko Brockton, Massachusetts, ilipasuka, jengo likaanguka na kuwaka moto, watu 58 wakafa. Baada ya misiba ya aina hiyo jimbo lilitunga sheria, na ASME ikatoa kitabu chake cha kwanza cha kanuni za boila, toleo la 1914. Zile kanuni za visahani nilizowasomea zilikaa kwa muda mrefu katika Sehemu ya VIII ya kitabu hicho, na tangu toleo la 2021 zimehamishiwa Sehemu ya XIII. Hapa kwetu Kenya tuna Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, inayotaka boila na matangi ya mvuke yakaguliwe na mtu aliyeidhinishwa. Mkaguzi anapokuja, msimwonyeshe kisahani peke yake. Mpandisheni paani akaone linakoishia bomba.

Na kuhusu paa, hapa pwani tuna maadui ambao vitabu vya ugenini haviwataji. Nilifungua bomba la kutolea mvuke katika dobi la hoteli moja, nikakuta nyigu wamejenga. Nyumba ya udongo, imara, vyumba vimepangana, imeziba zaidi ya nusu ya uwazi. Kwenye karatasi bomba lile lilikuwa inchi mbili. Kwa nyigu lilikuwa chini ya moja. Mdomo ukingwe kwa kifuniko chepesi kinachorushwa na mvuke, si wavu mzito unaoongeza ukinzani. Na bomba linalotazama juu bila kofia linakunywa mvua za masika. Maji yakikaa juu ya kisahani yanakikandamiza kutoka upande usiostahili na kukila taratibu, kisha siku ya kupasuka yanaruka kama jiwe. Toboeni tundu la kutolea maji mahali pa chini kabisa, na tundu hilo liwe na bomba lake linaloelekea mahali pasipo na mtu.

Chumvi ndiyo kubwa zaidi. Visima vyetu vingi vina maji ya chumvichumvi, na upepo wa bahari unafika kila pembe. Chuma kisichoshika kutu, hiki tunachokiita stenlesi na kukiamini kama ndugu, kikivutwa kwa presha huku kina joto na kloridi, hupasuka nyufa nyembamba kama nywele. Tangi nene linaweza kuvumilia ufa mdogo kwa muda. Kisahani ambacho unene wake haufiki ukucha hakivumilii. Kwa mvuke wa hapa mimi huagiza nikeli au inkoneli, ambayo ni aloi ya nikeli, na hulipa tofauti ya bei bila kunung'unika.

La mwisho katika mambo ya mkono: msikate kisahani chenu kutoka kwenye shiti. Najua kimepasuka Ijumaa, mwagizaji yuko Mombasa, wageni wamejaa hotelini na shuka hazijafuliwa. Najua. Lakini kile cha kiwandani, kikiwa cha presha kama hizi zetu, kinapasuka ndani ya asilimia 5 ya presha iliyoandikwa, kwa joto lililoandikwa, kwa sababu wenzake wa kundi moja walipasuliwa ili kipewe namba. Chako hakina mwenzake. Wekeni cha akiba kabatini, kimefungwa kwenye kasha lake, kisiguswe tumbo kwa kidole. Na kikifungwa, kitazamwe mara mbili. Kile cha aina ya tumbo linalotazama presha, kikigeuzwa, kinaweza kungoja presha kubwa mno kuliko iliyoandikwa. Kile cha kawaida chenye tumbo la nje, msikiendeshe zaidi ya asilimia 70 ya presha yake kila siku, kitachoka kabla ya wakati.

Mzee mmoja hapa mbele ameniandikia swali kwenye kikaratasi: je, aweke kisahani juu ya boila yenyewe badala ya sefti? Hapana, baba. Juu ya boila mlinzi ni sefti, inayofunguka na kujifunga. Kisahani kikipasuka kwenye boila, mvuke wote unaondoka na maji yanafuata, na moto bado unawaka chini. Visahani viacheni kwenye matangi, mabomba na sufuria za mvuke, tena baada ya hesabu.

Nimeleta futi kamba sita na karatasi zilizochorwa nafasi tupu: mdomo wa tangi, kisahani, urefu wa bomba, kipenyo, idadi ya elbo, mahali linapoishia. Namba za ukinzani ziko nyuma ya karatasi. Kila mwenye mtambo wa mvuke achukue moja, kesho apande paani kabla jua halijawa kali, ajaze, aniletee. Nitakaa hapahapa Jumamosi tangu saa tatu asubuhi, na tutazikokotoa moja moja hadi ziishe. Kile kisahani kimefika wapi? Nani anacho? Haya, mpitishieni na yule kijana wa nyuma, hajakiona.